Mtawanyiko Kabla ya Wastani: Modeli ya Uundaji wa Meli Ziwani Tanganyika

Meli ya Graf von Goetzen, ambayo leo tunaiita Liemba, iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kisha ikafumuliwa na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yalivuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapakiwa kwenye treni kwa kilomita zipatazo 1,250 hadi Kigoma, na tarehe 5 Februari 1915 meli ikashushwa majini. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama habari ya vita. Mimi nakisoma kama tatizo la foleni, na ndilo litakaloikabili karakana yoyote ya meli chini ya vilima vya Kiriri, ambako Chuo Kikuu cha Burundi kina kampasi yake.

Hoja yangu ni kwamba modeli inayoanza na kasi ya wastani ya mafundi itatupotosha. Kwa kanuni aliyoitoa mwanahisabati Kingman mwaka 1961, muda ambao kazi inangoja kwenye kituo hukadiriwa kwa kuzidisha vitu vitatu: muda wa kazi yenyewe, kipimo cha mzigo wa kituo, na mtawanyiko wa nyakati za kazi na za kuwasili kwa vifaa. Kituo kikitumika kwa asilimia 80, kipimo cha mzigo, yaani sehemu inayotumika ikigawanywa kwa isiyotumika, ni 4. Kikifika asilimia 95, ni 19. Meneja anayejivunia kwamba mafundi wake hawakai bure hata dakika moja anajitengenezea foleni.

Mtawanyiko ndio unaotuumiza zaidi. Chukua kituo cha kuchomelea mabamba ambacho umeme unapatikana kwa asilimia 80 ya muda. Ukikatika mara kwa mara kwa nusu saa, au mara chache kwa saa nane, wastani wa kazi iliyokamilika ni ule ule. Lakini katika hali ya pili, mchango wa kukatika huko kwenye mtawanyiko ni mara 16 ya ule wa kwanza. Modeli ya wastani haioni tofauti hiyo. Anayeiona ni fundi wa kituo kinachofuata, anayengoja bamba lisilokuja. Kwa hiyo jenereta inayofupisha giza refu ina thamani zaidi kuliko mchomeleaji wa ziada.

Wapo watakaosema dawa ni kulimbikiza chuma. Katika nchi yenye uhaba wa fedha za kigeni, siafiki. Akiba iwekwe mbele ya kituo kinachokwamisha vingine tu, na safari ya shehena kutoka Dar es Salaam ihesabiwe ndani ya modeli kama kituo kamili. Meyer waliiunga meli Papenburg kwanza, mahali ambapo kipande kisichokaa sawa kingeweza kurekebishwa siku hiyo hiyo. Kigoma kosa hilo lingegharimu miezi.

Takwimu za kuanzia ni chache na rahisi kukusanya: tarehe ya kila shehena kufika, na muda wa kila kukatika kwa umeme, si jumla ya saa za mwezi. Wanafunzi wa Kiriri wanaweza kuanza kuziandika kabla bamba la kwanza halijakatwa.