Wingu Lililoitwa Theluji

Mei 1848, mmishonari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai, aliuona Mlima Kilimanjaro kwa mbali. Kileleni kulikuwa na kitu cheupe. Akadhani ni wingu. Mwenyeji aliyemwongoza akamwambia ile ni baridi. Kumbe ilikuwa theluji.

Mwaka 1879 kosa hilo lilijirudia kinyume. Giovanni Schiaparelli, akiwa na darubini yake kule Milan, aliona doa jeupe kwenye sayari ya Mirihi. Akaliita Nix Olympica, yaani Theluji ya Olimpo. Huko hakukuwa na mwenyeji wa kumrekebisha.

Novemba 1971, chombo cha Marekani, Mariner 9, kilifika Mirihi kikakuta sayari nzima imemezwa na vumbi. Si bonde, si tambarare, hakuna kilichoonekana. Madoa manne tu meusi ndiyo yaliyochomoza. Haukupita mwezi, Wasovieti nao wakafika na Mars 2 na Mars 3. Vyombo vyao vilikuwa vimepangiwa kila kitu mapema, kwa hivyo havikuweza kusubiri. Cha kwanza kilichoteremshwa kilianguka. Cha pili kilitua salama, kikatuma ishara kwa sekunde chache tu, kikanyamaza. Mariner 9 ikaamriwa ingoje, nayo ikangoja hadi Januari 1972.

Vumbi liliposhuka, madoa yale yakageuka kuwa vilele vya volkeno. Kikubwa kuliko vyote, Olympus Mons, kina kimo cha kilomita 22 hivi, na kiko palepale Schiaparelli alipoona "theluji" yake. Weupe ule ulikuwa mawingu. Upepo ukigonga mlima hupanda, hewa ikipanda hupoa, na mvuke kidogo uliomo huganda ukawa chembe za barafu. Mwaka 2018, Mars Express ilipiga picha za wingu la namna hiyo kando ya mlima Arsia Mons, refu hadi kilomita 1,800.

Mabonde nayo yana kazi yake. Hellas, shimo lenye kina cha kilomita 7 hivi kusini mwa sayari, ni mojawapo ya sehemu zinazozaa dhoruba. Miteremko yake hupata joto mchana na kupoa usiku, basi upepo hupanda na kushuka kila siku ukizoa vumbi.

Rebmann alikuwa na mtu wa kumuuliza. Mirihi ilihitaji mtu wa kungoja.