Majanga Mawili, Vilima Vilevile: Bili Ilimwendea Nani?

Kila nikiposti kitu kuhusu Korona na uchumi, watu hugawanyika mara moja. Wengine wanasema serikali ilisaidia, wengine wanasema ilitutupa. Leo tuangalie kitu kingine: msaada wa wakati wa janga hupita njia gani, na je, njia hiyo inafika Litein, Kapkatet na Mogogosiek? Ili tuelewane, lazima turudi nyuma miaka mia moja hivi, kwa sababu vilima hivi vyetu vimeshapitia janga lingine kabla ya Korona.

Septemba 1918, homa kali iliyokuwa ikizunguka dunia iliingia Mombasa kwa meli. Kutoka hapo ikapanda bara na reli, na wapagazi waliotoka vitani wakarudi nayo makwao. Ilikuta nchi imechoka na vita, tena kulikuwa na ukame na njaa. Wanaokadiria vifo vya Kenya peke yake wanataja watu zaidi ya 100,000. Sasa swali: serikali ya kikoloni ilifanya nini kuhusu uchumi baada ya msiba kama huo?

Ilipandisha kodi. Mwaka wa 1920 kodi ya nyumba na ya kichwa kwa Mwafrika ilitoka rupia 5 hadi 8, yaani shilingi 16 kwa pesa mpya. Kipande nacho kilikuwa kimeanza kutumika, ndio kijana akitoroka kazi kwa mzungu ajulikane. Na huku Kericho, mwaka wa 1919, ardhi ya Wakipsigis, kama ekari 25,000, ilikuwa imekatwa na kupewa maofisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani. Mradi wao uliitwa BEADOC, na mpango ulikuwa walime kitani, ule mmea wa kutengeneza nguo na kamba. Wakati huo bei yake London ilikuwa juu sana.

Halafu soko likafanya yake. Mwisho wa 1920 bei ya kitani iliporomoka pamoja na bei za mazao mengine duniani. Wakati huohuo serikali ilikuwa imeamua rupia moja ihesabiwe kuwa shilingi mbili za Uingereza, ilhali kabla ya vita ilikuwa shilingi moja na peni nne. Piga hesabu uone: mlowezi anauza London kwa pauni, lakini deni la benki na mshahara wa vibarua ni kwa rupia. Rupia ikipanda kwa nusu, deni lake limepanda kwa nusu bila kukopa senti zaidi.

Alipata wapi afueni? Mwaka wa 1921 walowezi walikubaliana kukata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Ndiyo hiyo njia ya msaada ya wakati ule: hasara ilitoka London, ikapita Nairobi, ikatua mfukoni mwa kibarua. Hasira za kodi, kipande na mishahara ndizo zilimpa Harry Thuku wafuasi. Machi 1922 alipokamatwa, polisi waliwapiga watu risasi Nairobi na zaidi ya 20 wakafa. Baada ya hapo kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Na BEADOC? Ilikufa. Lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia Kericho, na sehemu kubwa ya ile ardhi ikawa mashamba ya chai. Kwa hivyo ukipita barabara ile ukaona kijani hadi macho yanachoka, kumbuka sehemu yake ilianza na soko lililoanguka baada ya vita na homa.

Sasa turuke hadi 2020. Machi 13 kisa cha kwanza cha Korona kinatangazwa, na siku hiyohiyo Soko la Hisa la Nairobi linasimamisha biashara baada ya kipimo chake cha kampuni 20 kushuka zaidi ya asilimia 5. Machi 23 Benki Kuu inashusha riba yake kutoka asilimia 8.25 hadi 7.25, na mwezi uliofuata hadi 7. Inapunguza pia akiba ambayo mabenki lazima yaweke kwake, na shilingi bilioni 35.2 zinaachiliwa zikopeshwe. Machi 25 Rais Uhuru Kenyatta anatangaza VAT itoke asilimia 16 hadi 14, na anayelipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi asikatwe PAYE hata kidogo.

Tuwe wakweli, hii ilikuwa tofauti kabisa na 1920. Wakati ule kodi ilipanda, mara hii ilishuka. Hiyo ni hatua, na mtu asikudanganye kwamba hakuna kilichobadilika.

Lakini fuata njia. Mkulima mdogo wa chai hana pesilipu, kwa hivyo PAYE haimhusu. Mabenki yaliruhusiwa kupanga upya mikopo ya watu walioumia, na hadi mapema 2021 mikopo ya shilingi trilioni 1.7 ilikuwa imepangwa upya. Pesa nyingi hizo! Ila huku kwetu wakulima wengi hukopa sacco ama Greenland Fedha, kampuni tanzu ya KTDA, na deni linakatwa kwa malipo ya majani. Amri ya Benki Kuu ilikuwa ya mabenki.

Kilichoamua mwaka wa mkulima kilikuwa mnada wa Mombasa. Mvua ilinyesha vizuri na Kenya ikavuna chai kilo milioni 569.5, kutoka kama milioni 459 mwaka wa 2019. Kafyu ilikuwepo, Mombasa ilifungiwa kuanzia Aprili hadi Julai, lakini malori ya mizigo yaliendelea kushuka na mnada wenyewe ukahamia kwa kompyuta. Chai ikawa nyingi, na bei ya wastani ikashuka kutoka kama dola 2.21 kwa kilo hadi kama dola 2. Yaani mama amechuma zaidi, amebeba zaidi hadi kituo cha majani, na kila kilo ina thamani ndogo.

Hapa ndipo shilingi iliokoa kidogo. Mwaka wa 2019 dola ilikuwa kama shilingi 102 kwa wastani, na 2020 ikawa kama 106.5. Kwa dola, bei ilishuka karibu asilimia 10. Ukibadilisha kwa shilingi, kilo ilitoka kama 225 hadi 213, ambayo ni kama asilimia 5. Ni kinyume kabisa cha rupia ya 1920. Tofauti ni kwamba hakuna aliyepanga hiyo iwe msaada kwa mkulima. Ilitokea tu, na shilingi hiyohiyo dhaifu ndiyo hupandisha bei ya mbolea inayotoka nje.

Kuna hatua moja iliyofika hadi kijijini: kutuma pesa kwa simu hadi shilingi 1,000 bila malipo, kuanzia Machi 16 hadi mwisho wa 2020. Kijana Nairobi akimtumia kogo 500, kogo anapata bila mtu kukatwa ada ya kutuma. Ilifika kwa sababu ilipita kwa kitu ambacho kogo tayari anacho mkononi.

Baadaye, Julai 2021, iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa chai ya KTDA mnadani. Nia ilikuwa nzuri, lakini huwezi kumlazimisha mnunuzi wa Pakistan anunue. Chai nyingi ikarundikana maghalani, na 2024 bei hiyo ikaondolewa.

Msimamo wangu ni huu. Sheria ya Chai ya 2020 inataja ushuru ambao sehemu yake ni ya kutuliza bei kwa mkulima. Hiyo ndiyo njia inayofika, kwa sababu inapita kwa kiwanda ambacho kila mkulima ana namba yake. Mfuko kama huo unajazwa miaka mizuri, kabla ya janga. Ugonjwa ukishafika Mombasa, mmechelewa.

Kwa hivyo mkutano wa kiwanda chenu ukiitishwa, usiulize bonasi ni ngapi pekee. Uliza pia: ule mfuko wa kutuliza bei una pesa ngapi leo? Halafu kuja uniambie hapa mmejibiwa nini.