Somo la mwili linalowatoa jasho wanafunzi wetu wa uuguzi

Mpwa wangu alipomaliza muhula wa kwanza katika chuo kimoja cha uuguzi, alinipigia simu usiku. "Shikamoo mjomba. Nataka kurudi nyumbani." Kilichomshinda si kuona damu wala zamu za wodini. Ni somo la anatomia na fiziolojia, yaani umbo la mwili wa binadamu na jinsi unavyofanya kazi. Alikuwa amepata alama 31.

Mimi si tabibu, na diploma yangu ni ya mambo mengine kabisa. Lakini likizo ile nilikaa naye na madaftari yake, na jirani yetu mkunga mstaafu akawa anakuja jioni kutusaidia. Niliyoyaona nayaandika kwa ajili ya wazazi na vijana wanaojiandaa kuingia vyuo hivi.

Watoto wetu wengi wametoka madrasa. Wamezoea kuhifadhi, na hiyo ni neema. Mifupa 206 ya mtu mzima, jozi 12 za neva zitokazo kwenye ubongo, hayo yahifadhiwe tu, hakuna njia nyingine. Tatizo huanza mwanafunzi anapotaka kuihifadhi fiziolojia vivyo hivyo, ukurasa baada ya ukurasa. Fiziolojia ni habari ya sababu na matokeo: hiki kikipanda kile kinashuka, na mwili unajirekebisha. Ukikosa sababu, maneno yote yanaelea.

Chukua mama aliyejifungua sasa hivi. Mimba inapokaribia kutimia, damu yake huwa imeongezeka kwa kiasi cha asilimia 40 hadi 50, na zaidi ya nusu lita hupita kwenye kizazi kila dakika. Kondo la nyuma likitoka, pale lilipokuwa limejishika hubaki mishipa ya damu iliyo wazi. Kwa nini basi damu haimwagiki yote? Yule mkunga alimwonyesha mpwa wangu mkeka tulioukalia. Nyuzi za misuli ya kizazi zimepishana kama miyaa ya ukili, na mishipa ya damu inapita katikati yake. Kizazi kikikaza, nyuzi huibana mishipa ikaziba. Kikilegea, mama anavuja, na anaweza kupoteza maisha kwa muda mfupi sana.

Mwenye kulielewa hilo hahitaji kukariri orodha ya kazi za mkunga. Anajua kwa nini sindano ya oksitosini, yuniti 10, hupigwa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Anajua kwa nini kizazi kilicholegea husuguliwa kupitia tumboni. Anajua kwa nini mama huambiwa akojoe: kibofu kilichojaa hukisukuma kizazi na kukizuia kisikaze. Anajua pia kwa nini mtoto huwekwa titini mapema. Kunyonya huuamsha ubongo wa mama utoe oksitosini ile ile, na juu ya hayo mtoto hupata dang'a, iliyojaa kingamwili, ambayo baadhi ya wazee walikuwa wakiikamua na kuimwaga.

Kuna na mtego hapo. Kwa sababu mama huyu ana akiba kubwa ya damu, presha yake yaweza kuonekana nzuri ilhali anavuja. Mapigo ya moyo ndiyo hutangulia kwenda mbio. Muuguzi anayengoja presha ishuke amechelewa. Hapo mpwa wangu aliweka kalamu chini. "Kumbe ndiyo maana tunaambiwa tupime mapigo kila dakika 15!"

Mfano mwingine ni wa kwetu hasa. Mwaka 1949 mtafiti Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Akakuta chembe za siko seli ni nyingi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni chache nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: aliyerithi jeni moja ya siko seli hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Aliyerithi mbili ndiye mgonjwa. Chembe zake nyekundu zikipungukiwa na oksijeni hujipinda mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Kutokana na hilo moja unaelewa maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, na kwa nini mtoto huyo huhimizwa kunywa maji mengi na kujikinga na baridi.

Lugha nayo ni kikwazo. Mtihani ni wa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kimebeba Kigiriki na Kilatini. Tulimtengenezea daftari la safu tatu: jina la kitabuni, jina letu, na kazi ya kiungo hicho. Alishangaa kwamba figo, ini, bandama, nyongo na kongosho alikuwa akivijua tangu utotoni. Akishajua kwamba "nefro" ni figo, "hepato" ni ini na "itisi" mwishoni ni uvimbe, majina ya maradhi yanajifungua yenyewe. Kila usiku alieleza somo kwa sauti kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, kitabu kikiwa kimefungwa. Pale alipokwama ndipo alipofungua.

Mtihani wa marudio alipata 58. Idd Kubwa iliyofuata, mbuzi alipochinjwa, aliniomba moyo na figo kabla havijakatwa. Moyo wa mbuzi una vyumba vinne kama wetu, na ukiupasua polepole utaona vali na ukuta wa kushoto ulivyo mnene kuliko wa kulia, kwa kuwa huo ndio unaosukuma damu mwili mzima. Tumbo la mbuzi nilimwambia aliache, kwani halifanani na letu. Mke wangu alinung'unika kwamba nyama imechelewa kufika jikoni.