Ile Sauti ya "Sweet Lullaby" Haikutoka Afrika: Mfahamu Mama Aliyeimba Bila Kutajwa

Wadau, kama mlikuwa karibu na redio miaka ya tisini, kuna ngoma mbili mnazijua hata kama majina yake hamyakumbuki. Ya kwanza ni ile ya mwanamke mwenye sauti nyembamba anaimba taratibu, nyuma yake kinanda cha umeme na biti laini. Ya pili inakuja na sauti ya mzee anapaza kama anaita watu wa kilima cha pili, halafu ngoma nzito zinaingia. Ya kwanza ni "Sweet Lullaby" ya Deep Forest, Wafaransa wawili, mwaka 1992. Ya pili ni "Return to Innocence" ya Enigma, iliyoingia sokoni 1994 na kupanda hadi kumi bora Marekani na Uingereza.

Majina ya maprodyuza wa hizo ngoma hayatajwi hapa. Yao yapo kwenye kava, hawana shida. Leo ni zamu ya walioimba.

Tuanze na yule mama. Watu wengi waliamini ni sauti ya msitu wa Kongo. Si ajabu, maana albamu ya Deep Forest ilijinadi kwa habari za misitu ya Afrika na watu wake, kina Wambuti na Wabaka, na kweli ndani yake kuna sauti za Afrika ya Kati. Ila mama wa "Sweet Lullaby" hakuwa Mwafrika hata kidogo. Alikuwa wa kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon, kule Pasifiki, yaani uvuke Bahari ya Hindi yote halafu uipite na Australia. Anaitwa Afunakwa. Mtafiti wa muziki, Hugo Zemp, alimrekodi karibu mwaka 1970, na wimbo ukatoka kwenye santuri ya mkusanyiko wa UNESCO mwaka 1973. Jina lake la asili ni "Rorogwela".

Sasa sikilizeni maana yake. Ni wimbo wa kubembeleza mtoto yatima. Mkubwa anamtuliza mdogo anayelia, na anamwambia wazi kwamba wazazi hawapo tena. Huo ndio wimbo uliotumika kuuzia bidhaa kwenye TV. Watu wamekaa zao kwenye kochi, wanastarehe na kilio cha yatima, na hakuna aliyewaambia.

Albamu iliuza mamilioni. Afunakwa hakutajwa, wala hakulipwa.

Kosa la kusema "ni Afrika" halikuishia hapo. Mwaka 1996 mpiga saksafoni maarufu wa Norway, Jan Garbarek, alitoa melodi hiyohiyo akaiita "Pygmy Lullaby". Naye alidhani anapiga wimbo wa Afrika! Mwaka huohuo Zemp aliandika makala kulalamikia jinsi rekodi zake zilivyotumika. Mwamerika Steven Feld, mtafiti mwingine, akalichimba suala lote, na ndiyo maana leo tunajua nani aliimba.

Mtauliza, iliwezekanaje? Jibu la kwanza ni mashine. Miaka ya themanini zilienea sampla, vyombo vinavyonasa kipande cha sauti, ukikibonyeza kinatoka, ukitaka unakirudia mara mia au unakishusha kiwe kizito. Kabla ya hapo kazi ilikuwa ngumu. Brian Eno, yule Mwingereza aliyeupa jina muziki wa ambienti, ule wa kielektroniki unaotanda chumbani kama moshi wa udi, alitoa albamu na David Byrne mwaka 1981, "My Life in the Bush of Ghosts". Walihangaika na kanda tu, wakilenga sauti ya mtu iangukie kwenye biti. Wimbo mmoja ulikuwa na kisomo cha Qur'ani kutoka Algeria juu ya gitaa na ngoma. Waislamu Uingereza wakapinga, na wimbo ukaondolewa kwenye matoleo ya baadaye. Yaani tangu mwanzo ilikuwa wazi kwamba sauti ya mtu ina wenyewe, siyo chumvi ya kunyunyiza.

Jibu la pili ni sheria. Hakimiliki inamtafuta mtunzi, na wimbo wa mababu hauna mtunzi mmoja, kwa hiyo unahesabiwa ni mali ya umma. Aliyeshika mashine ya kurekodi ana karatasi, na taasisi iliyotoa santuri ina karatasi. Bibi aliyeimba ana sauti tu.

Ila kuna waliokataa. Wale wa Enigma walikuwa mke na mume, wazee wa kabila la Waami, Taiwan. Mume aliitwa Difang na mkewe Igay. Mwaka 1988 walikwenda Ulaya na kikundi kuimba nyimbo za kwao, taasisi moja ya utamaduni Ufaransa ikawarekodi na kutoa CD. Enigma akalipa taasisi, akachukua sauti. Na ngoma ile nzito? Nayo ilikatwa kwenye wimbo wa Led Zeppelin. Wimbo wa wazee hao ulikuwa wa kunywea pombe na kufurahi pamoja, ila duniani ukasikika kama sala ya ajabu.

Mwaka 1996 "Return to Innocence" ikatumika kwenye tangazo la Olimpiki ya Atlanta, dunia nzima ikasikia. Mwaka 1998 wazee wakafungua kesi Marekani. Enigma akajitetea kwamba aliamini rekodi ni mali ya umma. Mwaka 1999 wakamalizana nje ya mahakama, wazee wakapata malipo na wakaanza kutambuliwa kama waimbaji. Tena Difang alishatoa albamu yake mwenyewe, "Circle of Life", iliyoandaliwa na Dan Lacksman, mtu yuleyule aliyeshiriki kuandaa albamu ya kwanza ya Deep Forest. Dunia ndogo bana. Difang alifariki 2002, jina lake likiwa linajulikana.

Tofauti ya Difang na Afunakwa siyo sauti. Difang alipata wanasheria.

Kwamba mchanganyiko wenyewe siyo dhambi, ushahidi upo nyumbani. Mwaka 2002 Hukwe Zawose, Mgogo wetu, mwalimu wa Bagamoyo, alitoa albamu "Assembly" na Michael Brook wa Kanada, mtu wa gitaa na vyombo vya umeme. Ilimba na zeze ziko palepale, umeme unatanda pembeni. Na kwenye kava jina la Zawose ndilo lililotangulia.

Afunakwa je? Kijana mmoja Mmarekani alipata umaarufu mtandaoni kwa video zake akicheza nchi mbalimbali, na muziki wake ulikuwa "Sweet Lullaby". Baadaye akaamua kufunga safari hadi Solomon kumtafuta aliyeimba. Ndugu zake aliwapata. Afunakwa mwenyewe alikuwa ameshafariki.