Nani Hulipia Barabara?

Hapa Morogoro Mjini, kwenye njia panda ya Msamvu, barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika. Moja hushika njia ya Dodoma, nyingine huelekea Iringa hadi mpakani mwa Zambia. Malori hupita usiku na mchana. Swali langu wiki hii ni hili: matengenezo ya barabara hizi hulipiwa na nani?

Zamani wananchi walilipa kwa mikono yao. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na asiyekuwa na rupia aliweza kulazimishwa kufanya kazi. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1922, walitoza kodi ya nyumba na ya kichwa. Aliyeshindwa alipelekwa kwenye kazi za serikali, zikiwamo za barabara. Ulikuwa uonevu. Hata hivyo, mtu yule alijua alichotoa, maana alihesabu siku zake.

Mwezi Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zambia ikaja kukosa mafuta yaliyopitia njia ya kusini. Mafuta yake yakabebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia hapa Morogoro, na barabara ya udongo ikachakaa vibaya. Wafadhili walitusaidia kuweka lami hadi Tunduma. Lakini mfadhili hujenga akaondoka. Kuziba mashimo ni kazi ya mwenye nyumba. Miaka ya 1980 mashimo yalitushinda.

Ndipo mwaka 1985 ikatungwa sheria ya ushuru wa barabara, na mwaka 1991 ukaanzishwa Mfuko wa Barabara. Sheria ilirekebishwa mwaka 1998 ili fedha hizo zisimamiwe na Bodi, na ikaagiza kwamba asilimia 90 au zaidi zitumike kwa matengenezo. Mwaka 2021 ushuru wa petroli na dizeli uliongezwa shilingi 100 kwa lita, kwa ajili ya barabara zilizo chini ya TARURA.

Mimi naunga mkono ushuru huu. Anayesafiri sana huchoma mafuta mengi, hulipa zaidi. Lakini wataalamu wanatuambia kwamba ekseli yenye uzito mara mbili huharibu barabara yapata mara 16, wakati lori hilo halichomi mafuta mara 16. Ndiyo maana mizani lazima isimamiwe bila kuoneana haya.

Tena yuko mlipaji asiyetajwa. Mama wa Kinole anayeleta ndizi Soko Kuu la Chifu Kingalu hana gari, lakini ushuru umo ndani ya nauli yake na ya kila mkungu. Masika ikikata barabara ya mlimani, nauli hupanda, naye hulipa mara ya pili. Babu yake alihesabu siku. Yeye atahesabu nini?

Naomba basi kila ofisi ya kata ibandike ukutani hesabu ya mwaka: fedha kiasi gani zimeletwa, zimetengeneza barabara ipi, kilomita ngapi. Mwananchi akisoma, aende akaione barabara yenyewe. Asipoiona, aulize kwenye mkutano wa kijiji. Ni haki yake, kwa sababu amelipa.