Nimejinunulia, Shangazi

"Nani kakununulia?" Hilo ndilo swali la kwanza aliloulizwa rafiki yangu jioni ile ya kutimiza miaka 50, nyumbani kwake Dar es Salaam, alipotokea sebuleni na saa mpya mkononi. Ilikuwa saa ya Uswisi, ya chuma, ya kutia ufunguo, aliyoiwekea akiba kwa miaka sita kisha akaifuata Dubai. Shangazi yake alimshika mkono, akawa anaigeuza ile saa kwenye mwanga wa taa huku akingoja kusikia jina: mke, watoto, labda wafanyakazi wenzake. Rafiki yangu akajibu, "Nimejinunulia, shangazi." Bibi yule akasema, "Hongera, baba," kwa upole wote, lakini mkono hakuuachia mara moja.

Sikusikia kijicho wala kebehi katika swali lile. Shangazi aliuliza jambo ambalo mila nyingi hulitanguliza, kwamba mtu hautangazi umri wake mwenyewe, hutangaziwa. Afikaye daraja fulani la maisha huvishwa, hunyolewa, hukalishwa, hupewa. Vitenzi vyote hivyo viko katika kauli ya kutendwa. Rafiki yangu alileta kiambishi kingine kabisa, kile cha -ji-, kinachomrudishia mtenda tendo lake. Kiswahili hakijaamua kama kiambishi hicho ni cha sifa au cha lawama. Kuna kujivuna na kujiona, na kuna kujiheshimu na kujitegemea, neno ambalo tangu Azimio la Arusha la 1967 limebeba fahari ya taifa zima. Kujinunulia kumekaa wapi? Nimeona nilitafute jibu kwa kuiweka saa ile kando ya vitu ambavyo watu wa kwingine hutumia kuuwekea umri alama, nikiuliza kila mara swali lilelile la shangazi.

Nianze na Japani, ambako jibu liko wazi kuliko kwingi. Mtu anapotimiza miaka 60 hufanyiwa kanreki, yaani kurudi kwa kalenda. Hesabu ya kale iliyotoka China huoanisha wanyama 12 na mashina 10 ya mbinguni, na mwaka wenye jina lilelile hurejea kila baada ya miaka 60. Aliyezaliwa 1966, mwaka wa Farasi wa Moto, hukutana nao tena mwaka 2026. (Mwaka huo wa 1966 watoto waliozaliwa Japani walipungua kwa karibu robo, kwa kuwa wazazi wengi waliogopa itikadi kuhusu mabinti wa mwaka huo. Hao waliozaliwa licha ya hofu hiyo ndio wanaofika kanreki.) Kwa kuwa mzunguko umekamilika, mtu anahesabiwa amezaliwa upya, hivyo huvishwa kizibao chekundu na kofia nyekundu, rangi ya nguo za watoto wachanga. Wanaomvisha ni wanawe na wajukuu. Zawadi inapanda kutoka chini kwenda juu, na mzee kwa siku moja anakuwa mtoto mikononi mwa watoto wake.

Kwa Wamaasai hakuna siku ya mtu mmoja. Rika zima huvuka pamoja. Katika sherehe ya Eunoto mama humnyoa mwanawe, moran (shujaa kijana), nywele ndefu alizozitunza kwa miaka, na katika Olng'esherr rika hilo huuacha umoran na kuingia uzee. UNESCO iliziorodhesha sherehe hizo za Kenya mwaka 2018 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mjapani wa miaka 60 anajua mwaka wake na jina la mwaka huo. Mzee wa Kimaasai anaweza asijue hata muongo aliozaliwa, na bado akajua barabara yeye ni nani mbele ya nani. Mmoja umri wake uko kwenye kalenda, mwingine uko kwa wenzake. Wote wawili, hata hivyo, alama ya umri imewafikia kwa mkono wa mtu mwingine.

Oman inatukaribia zaidi watu wa pwani. Huko hanjari, ile ambayo wengi wetu twaiita jambia, imo kwenye bendera ya taifa, na kijana huanza kuivaa kiunoni anapokaribia utu uzima. Mara nyingi ni ya baba au ya babu. Zawadi hapa inashuka. Jambo linalonivutia ni lile lililotokea silaha hiyo ilipokutana na saa. Sultan Qaboos bin Said, aliyeshika madaraka mwaka 1970, aliagiza saa za Uswisi, zikiwemo za Rolex, kupitia duka la Asprey la London, na kwenye uso wa saa hizo ikachapwa nembo ya hanjari. Aliwatunuku waliomtumikia, wakiwemo wanajeshi wa Kiingereza. Mtu angeweza kusema kwamba mtindo wa kigeni umemeza mila. Mimi naona kinyume chake: ile saa ilipokea sheria ya hanjari, sheria ya kitu ambacho mwenye cheo humvisha anayemheshimu.

Ni dini pia iliyoamua chuma cha saa ya rafiki yangu. Kwa wanazuoni wa Kiislamu dhahabu ni haramu kwa mwanamume, na muuzaji wa Dubai hakuhitaji kuelezwa. Alimwekea mezani za chuma na za platinamu bila kuulizwa. Kuhusu siku ya kuzaliwa yenyewe Waislamu wa pwani hawana kauli moja, wapo wanaoiadhimisha na wapo wanaoiacha. Lakini umri mmoja umetajwa ndani ya Kurani kwa namba. Aya ya 15 ya Sura Al-Ahqaf inamtaja mtu aliyefika miaka 40, na kinachofuata ni dua: shukrani kwa neema aliyojaaliwa yeye na wazazi wake, kisha ombi la wema kwa kizazi chake. Sijui andiko lililoweka umri wa kati mahali pake sawasawa kuliko hilo. Mtu wa miaka 40 amesimama katikati ya ngazi. Anatazama juu kwa wazazi, anatazama chini kwa watoto, na hajitazami peke yake hata kidogo.

Hispania ya Kikatoliki nayo ina saa, tena mapema: mtoto wa miaka minane au tisa anapopokea komunyo ya kwanza, saa ya mkono ni miongoni mwa zawadi zilizozoeleka kutoka kwa ndugu na wasimamizi wake. Na zamani za posa za heshima, bwana harusi alimpa mchumba pete, naye akarudishiwa saa. Uingereza na Marekani saa ya dhahabu ilisubiri mwisho wa kazi, mwajiri akiitoa kwa aliyemtumikia miaka 30 au 40. Kwetu mstaafu hukabidhiwa mabati na saruji, zawadi inayosema: sasa nenda kajenge, uishi.

Basi ile saa ya kujinunulia imetoka wapi? Turudi Geneva ya karne ya 16. Mageuzi ya Calvin, mhubiri wa Kiprotestanti, yaliubana uvaaji wa vito, na mafundi dhahabu wakaelekeza ustadi wao kwenye saa, iliyohesabika kuwa chombo cha matumizi. Mwaka 1601 mafundi saa wakawa na chama chao. Tangu mwanzo, basi, saa ya Geneva ilikuwa pambo lililoruhusiwa kwa sababu ya faida yake. Faida hiyo iliondoka ghafla. Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza Astron, saa ya mkono ya kwanza ya fuwele ya quartz, inayopotoka sekunde chache tu kwa mwezi. Uswisi, iliyokuwa na watu wapatao 90,000 katika kazi ya saa mwaka 1970, ilibaki na takriban 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Saa ya kamani na magurudumu ya meno haikuweza tena kushindana kwa usahihi, hivyo ikabidi itafute sababu nyingine ya kuwepo. Mwaka 1996 watengenezaji saa Patek Philippe walianza matangazo ya mzazi na mtoto, wakimwambia mnunuzi kwamba anaitunza tu kwa ajili ya kizazi kijacho. Ni maneno ya biashara, na yaliandikwa ili kuuza. Hata hivyo yanafaa kusikilizwa vizuri, maana muuzaji mwenyewe alitambua kwamba mtu anayejinunulia kitu cha namna ile anatamani kuwepo mtu wa pili ndani ya tendo hilo.

Kitu hichohicho hakisomwi kwa namna moja kila kinapofika. Wachina wengi hawathubutu kumzawadia mtu saa ya ukutani, hasa mzee, kwa sababu kulitamka tendo hilo husikika sawasawa na kumsindikiza mtu katika mauti yake. Saa ya mkono ina neno jingine, kwa hiyo wengi huipokea bila wasiwasi. Sisi tuna neno moja tu, saa, kwa chombo, kwa muda, na kwa ile Saa ya mwisho. Twasema saa yake imefika, tukimaanisha kifo, na bado twapeana saa kwa furaha. Wajapani wa zamani waligawa mchana mafungu sita kuanzia alfajiri hadi machweo, marefu wakati wa kiangazi na mafupi wakati wa baridi, na mafundi wao wakaunda saa zilizorekebishwa kufuata majira, mpaka serikali ilipoacha hesabu hiyo mwaka 1873. Wao waliibadilisha mashine ilifuate jua, kisha wakabadilisha wakati ulingane na mashine. Waswahili, tulio karibu na ikweta ambako mchana haurefuki wala kufupika kwa kiasi cha kusumbua, tuliiacha mashine ya Ulaya kama ilivyo tukabadilisha usomaji: mshale mfupi uko kwenye 7, nasi twasema saa moja. Shangazi alipoitazama saa ile ya mamilioni, ndivyo alivyoisoma. Akasema ni saa mbili kasoro, muda wa chakula.

Siku chache baadaye rafiki yangu alinieleza kwamba baba yake alifariki akiwa na miaka 49. Miaka 50 kwake ilikuwa ni kupita mahali ambapo baba hakupita, na hakuona nani mwingine angestahili kumvisha. Tangu hapo kiambishi kile cha -ji- nimekisikia tofauti. Katika kanreki shahidi amesimama mbele yako na kizibao mkononi. Katika Eunoto shahidi ni mama na rika lako. Kwa aliyejinunulia, shahidi ama ameshaondoka au hajafika. Sioni kwamba kwa hilo heshima ya tendo imepungua, ingawa naona kwa nini shangazi, dada wa baba yule, hakuuachia mkono upesi.

Zipo saa za Uswisi zenye kalenda ya kudumu, ambazo uwezo wa rafiki yangu haukuzifikia. Ndani yake mna gurudumu linalozunguka mara moja kwa miaka minne, na kwa hilo saa hutambua miezi ya siku 30 na ya 31, na Februari ya siku 29, bila kuguswa, almradi haikuachwa isimame. Lakini mwaka unaoishia na 00 hupata siku hiyo ya 29 ukigawanyika kwa 400 tu; 2100 haugawanyiki, na Februari yake itakuwa na siku 28. Gurudumu halilijui hilo. Tarehe 1 Machi 2100 zile za kawaida katika saa hizo zitaonyesha 29 Februari, na aliyejinunulia leo akiwa na miaka 50 hatakuwepo kuisukuma tarehe mbele. Ataisukuma mtu mwingine, kwa kile kijiti chembamba kinachouzwa pamoja na saa, ikiwa bado kimo ndani ya sanduku lake.