Ng'ombe wetu, buti za wengine

Ng'ombe akichinjwa Kamukuywa, nyama huliwa Kamukuywa. Ngozi husafiri. Hupakwa chumvi, hukunjwa, hurushwa kwenye lori likashika barabara, na aliyekula nyama hana habari nayo tena. Kiatu atakachonunua sokoni mwaka huo huenda kimetoka kwenye robota la mitumba, kisigino kimeliwa upande mmoja na mguu asioujua.

Sasa tuseme kijana wa hapa, katika wadi hii ya jimbo la Kimilili, anataka kujifunza kushona buti kwa mkono. Tena si buti yoyote, bali zile ndefu za Ulaya ya karne ya 16, enzi za Renesansi, tunazoziona kwenye michoro ya wapanda farasi. Wazo hilo si la kichaa. Vikundi vya maigizo vya shule huhitaji mavazi kila msimu, na tamthilia za enzi hizo tunazijua kwa Kiswahili tangu Julius Nyerere alipotafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Juliasi Kaizari yenyewe hufunguliwa na mshona viatu anayewachezea shere wakubwa barabarani. Mwandishi wake, Shakespeare, hakubahatisha kumweka pale: babake, John, alikuwa fundi wa glavu mjini Stratford, mtu wa kulainisha na kukata ngozi.

Kwa hiyo swali ni la haki. Kijana huyu anakosa nini?

Ujuzi wenyewe una historia fupi kuliko tunavyodhani. Hadi karibu mwaka 1500, viatu vingi vya kaskazini mwa Ulaya vilishonwa ndani nje, vikaloweshwa, kisha vikapinduliwa kama soksi. Soli ikiisha, kiatu nacho kimeisha. Ndipo mafundi wakaanza kuzungusha ukanda mwembamba wa ngozi kando ya kiatu: ukanda unashonwa kwenye soli ya ndani pamoja na ngozi ya juu, halafu soli ya nje inashonwa kwenye ukanda peke yake. Soli ya nje ikichakaa, inabanduliwa na kushonwa nyingine bila kugusa sehemu ya juu. Ushahidi wa viatu vya wakati huo upo wa kushikika. Meli ya kivita ya Mary Rose, ya Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, ilizama mwaka 1545 na mabaki yake yakainuliwa mwaka 1982. Matope yalikuwa yamehifadhi viatu vya ngozi kwa mamia.

Viatu hivyo havina kisigino kirefu. Kisigino kilikuja mwishoni mwa karne, na wanahistoria wengi wa mavazi hukihusisha na wapanda farasi wa Uajemi, waliokihitaji ili mguu usichomoke kwenye kikuku. Mwaka 1599 Shah Abbas alituma ujumbe wake Ulaya, na muda si mrefu wakubwa wa huko wakawa wanatembea juu ya visigino hata pasipokuwa na farasi. Kisigino kilileta usumbufu kwa fundi: kuchonga jozi ya kalibu zilizoinuka kisigino, yaani maumbo ya mti ya kuundia kiatu, moja ya kulia na nyingine ya kushoto, kulikuwa kazi ngumu na ya gharama. Kwa takribani miaka 200 viatu vingi vikawa vya kalibu iliyonyooka, visivyo na kulia wala kushoto. Kwa anayeanza leo hiyo ni nafuu kubwa. Kipande kimoja cha mti kilichochongwa vizuri kinatosha miguu yote miwili.

Mshono nao haumtishi mtu aliyewahi kukaa karibu na fundi viatu wa kando ya barabara. Fundi wetu hushika msharasi wenye kijino karibu na ncha. Anatoboa, anakamata uzi upande wa ndani, anauvuta juu uwe kitanzi, anapitisha ncha ya pili humo, anakaza. Fundi wa karne ya 16 alitoboa kwa msharasi usio na kijino. Ncha mbili za uzi wa kitani uliopakwa nta zilipishana ndani ya tundu hilo hilo, kila moja ikitoka upande wake, na badala ya sindano alifunga unywele mgumu wa nguruwe kwenye kila ncha. Mkazo ni ule ule, na hata alama nyekundu ya uzi kwenye kidole ni ile ile.

Buti hizo zilifika pwani yetu zikiwa bado mpya. Wareno walitia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Milano. Mwenye hamu ya kuona Renesansi kwa macho yake ana jengo zima hapa hapa Kenya. Lakini pwani haikuiga buti, na haikuwa na sababu ya kuiga. Ilikuwa na makubadhi yake, na katika karne ya 19 mafundi wa Siyu, kisiwani Pate, walisifika kwa kazi ya ngozi sawa na walivyosifika kwa panga na kunakili Kurani. Buti ndefu ni kiatu cha mtu aliye juu ya farasi.

Huku bara, Wabukusu waliitumia ngozi vizuri pia: ngao, mavazi, ngoma, uso wa litungu. Mguu uliachwa. Halafu, katika miaka ya 1890, funza akafika Afrika Mashariki. Alikuwa ameingia Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872, akavuka bara zima akisafiri ndani ya nyayo za watu. Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, na wapagazi wa Kiafrika wakatembea mamia ya kilomita, wengi wao miguu mitupu, wakibebea jeshi la Uingereza mizigo. Soko la Kariokor, Nairobi, linabeba jina la kikosi chao. Katika soko hilo hilo leo mafundi hushona viatu vya ngozi, na sijui kejeli ya historia iliyo kubwa kuliko hiyo.

Bata, kampuni iliyoanzishwa Zlín mwaka 1894, ilijenga kiwanda Limuru, na watoto wa shule wakavishwa. Mafundi wa vijijini wakabaki na akala na kazi ya kutia viraka. Ilipofika miaka ya 1990 soko likafunguliwa, mitumba ikamiminika, na viraka vikabaki kuwa ndiyo kazi.

Jambo linaloniudhi zaidi ni la miwati. Soli ya zamani ilitengenezwa kwa maji ya magome ya miti, Ulaya wakitumia mwaloni kwa mwaka mzima au zaidi shimoni. Miwati ina gome bora kwa kazi hiyo, na kwa miongo kadhaa kampuni ya EATEC iliilima kwa maelfu ya ekari kuzunguka Eldoret, jirani kabisa na hapa. Dawa iliyokamuliwa iliuzwa ng'ambo. Ng'ombe tulikuwa nao, gome lilikuwa Eldoret, na soli ikatoka kwingine. Viwanda vyetu vingi sasa hutumia kromiamu, njia iliyopewa hataza Marekani mwaka 1884, inayomaliza kazi kwa siku badala ya miezi. Serikali ilipandisha ushuru wa kuuza ngozi mbichi nje hadi asilimia 80, basi nyingi zikawa zinasafirishwa zikiwa zimepitia hatua ya kwanza tu, zina rangi ya samawati na bado zina unyevu. Ngozi ya namna hiyo ni laini na huvutika. Kwa soli ya kushonwa kwa mkono haifai.

Kwa hiyo kijana wa Kamukuywa hakosi kalibu, uzi, nta wala mwalimu wa kutoboa. Anakosa ngozi ngumu. Anaweza kuiagiza Thika au Nairobi, au akaitengeneza mwenyewe: chokaa ya kulegeza manyoya, kisu butu cha kukwangua, halafu pipa la magome ya miwati yaliyopondwa, maji mepesi kwanza na makali baadaye, kwa miezi. Akate soli kwenye ngozi ya mgongo. Ya tumbo hulegea, na huyo anayeanza ataijua siku ya kwanza ya mvua.